Hesabu ya riba ikae wapi: ndani ya hifadhidata au kwenye programu?

Najua nimepotea kwa wiki kadhaa. Kazi ilinibana na kila nikikaa kuandika, simu inalia. Leo nimeizima.

Nataka kuzungumzia jambo ambalo wanaprogramu tumelibishania tangu nianze kazi hii, na ambalo mimi mwenyewe nimebadilisha msimamo juu yake mara mbili. Ukiunda programu inayotegemea hifadhidata, ule msimbo ambao utautumia tena na tena uuweke wapi? Ndani ya hifadhidata yenyewe kama prosija, au nje, kwenye PHP yako, Java yako, Python yako? Wapo wanaoamini kuwa hifadhidata ni ghala tu, kazi yake ni kutunza magunia na si kuyahesabu. Wapo wengine, hasa waliokulia kwenye Oracle, ambao ukiandika SQL nje ya prosija wanakutazama kama mtu aliyeingia msikitini na viatu.

Wacha nianze na aibu yangu.

Kuna sacco moja ya walimu niliyoifanyia kazi kwa miaka mingi (jina lake nitalihifadhi). Mwaka 2011 niliwaandikia programu ya kaunta kwa VB.NET. Mwaka 2014 wakataka tovuti ambapo mwanachama anaweza kuona akaunti yake, nikaiandika kwa PHP. Mwaka 2016 wakataka huduma ya USSD, maana walimu wengi walioko mashambani hawakuwa na haja ya tovuti, wanataka kubonyeza nyota na namba wapate jibu. Hiyo nikaiandika kwa Python. Data yote ilikuwa mahali pamoja, kwenye seva moja ya PostgreSQL iliyokaa chini ya meza ya mhasibu. Mhasibu naye alikuwa na faili yake ya Excel ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Asubuhi moja niko pale ofisini nikirekebisha printa, akaingia mwalimu mstaafu. Alikuwa amekopa shilingi 100,000 za kulipa kwa miezi 12, riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua. Aliweka mezani karatasi mbili na simu yake. Karatasi ya kaunta ilisema riba yote itakuwa shilingi 6,504. Ile aliyochapisha kutoka kwenye tovuti ilisema 6,500. Simu ilisema 6,496.

"Kijana wangu," akaniambia, "nimefundisha hesabu miaka thelathini na mmoja. Hebu nionyeshe lipi ndilo jibu na yapi nitie mkasi."

Shilingi nane. Unaweza kucheka, na karani mmoja alicheka kweli. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua papo hapo kilichotokea. Kwenye VB.NET nilikuwa nimepandisha riba ya kila mwezi hadi shilingi kamili inayofuata. Kwenye PHP niliacha senti kama zilivyo. Kwenye Python nilitumia int(), ambayo inakata senti na kuzitupa. Fanya hesabu mwenyewe ukitaka: riba ya mwezi wa kwanza ni 1,000, wa pili 916.67, wa tatu 833.33, hivyo hivyo hadi 83.33 mwezi wa mwisho. Ukiacha senti unapata 6,500. Ukipandisha kila mwezi unapata 6,504, ukikata unapata 6,496. Excel ya mhasibu, kwa bahati tu, ilikubaliana na tovuti.

Kwa hivyo ile sacco ilikuwa imenilipa mara tatu kwa hesabu moja, na mara zote tatu nikawapa jibu tofauti.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mimi nilijiona mtu anayejua kutumia msimbo tena. Nilikuwa na flashi yenye folda niliyoiita "vipande". Ndani yake kulikuwa na kila kitu: kukokotoa riba, kugeuza namba ya simu kutoka 07 kuwa 254, kuandika kiasi cha pesa kwa maneno ili kiingie kwenye hundi. Kila kazi mpya ikija nafungua folda, nanakili, nabandika. Lakini huko ni kunakili tu. Kila nakala ikishatoka kwenye folda inaanza maisha yake, na kamati ya mikopo ilipoamua kubadili namna ya kukadiria senti, nilibadilisha mahali pamoja, kwenye kaunta, kwa kuwa ndipo walipolalamika.

Na usidhani kwamba ningekuwa mwangalifu zaidi ningepona. Lugha zenyewe hazikubaliani. Mwambie Python 3 akadirie 2.5 kwa round() atakupa 2, kwa sababu nusu inapelekwa kwenye namba shufwa iliyo karibu. Iulize PostgreSQL swali hilohilo kwa aina ya numeric, inakupa 3. PHP inasema 3. Ukitunza pesa kwa namba za floti, 0.1 ukijumlisha na 0.2 haileti 0.3 kamili, inaleta 0.30000000000000004, na mabaki hayo madogo yakirundikana kwa wanachama wote mhasibu wako ataanza kukuchukia bila kujua kwa nini. Sheria moja iliyoandikwa kwa lugha tatu hubaki sheria tatu, hata kama mwandishi ni mmoja na amelala vizuri.

Basi mwaka 2017 nikaokoka. Nilihamisha hesabu yote ya riba kuwa fanksheni moja ya PL/pgSQL ndani ya hifadhidata. Kaunta, tovuti na USSD zote zikawa zinaiita hiyo hiyo. Siku hiyo hiyo yale majibu matatu yakawa moja. Nilihisi kama mtu aliyegundua moto, ingawa mambo haya ni ya zamani mno: Sybase walikuwa na prosija ndani ya hifadhidata yao tangu 1987, na Oracle wakazileta na toleo la 7 mwaka 1992. Sisi wa upande wa MySQL ndio tulichelewa. Kabla ya toleo la 5.0 mwaka 2005 hapakuwa na prosija, wala triga, wala viu, na nadhani kizazi kizima cha wanaprogramu wa PHP kilijifunza kwamba hifadhidata ni ghala kwa sababu ghala ndilo tulilokuwa nalo.

Faida nyingine niliziona haraka. Ya kwanza ni safari za mtandao. Baada ya muda tovuti ilihamishiwa kwenye seva ya kukodi Ulaya huku hifadhidata ikibaki Kenya (usiniulize nani aliamua). Chukulia kila swali kwenda na kurudi ni milisekunde 150. Ukurasa unaochukua orodha ya mikopo kisha unarudi kuuliza malipo ya kila mkopo mmoja mmoja, ukiwa na maswali 200, ni sekunde 30 za kungoja. Maktaba kama Hibernate, Eloquent au ile ya Django zinakuruhusu kufanya kosa hili bila kuliona, maana kwenye msimbo linaonekana kama kitanzi cha kawaida kabisa. Prosija moja inakwenda mara moja na kurudi na kila kitu. Faida ya pili ni ruhusa. Niliweza kumnyima mtumiaji wa kaunta haki ya kugusa jedwali la mikopo, nikampa haki ya kuita prosija tu. Karani hawezi tena kubadilisha salio kwa mkono hata akipata neno la siri.

Hapo ndipo nilipoharibu, kwa kuzidisha.

Nikahamishia kila kitu ndani. Maneno ya SMS, ndani. Kupanga tarehe kwa Kiswahili, ndani. Kuna prosija moja ilifika mistari 900, ilikuwa inatoa hadi vipande vya HTML. Mwenzangu kijana aliyejiunga nami alikuwa akiifungua anapiga ishara ya msalaba. Na zaidi ya ukubwa, kulikuwa na tatizo ambalo sikuliona hadi liliponiuma: msimbo wa tovuti ulikuwa kwenye Git, lakini msimbo wa ndani ya hifadhidata ulikuwa ndani ya hifadhidata.

Mwaka 2018 baadhi ya wanachama walitozwa faini kwa sababu siku yao ya mwisho ya kulipa iliangukia tarehe 1 Juni, Siku ya Madaraka, benki zimefungwa. Malalamiko yalikuwa ya haki. Usiku nikaingia kwa pgAdmin, nikairekebisha ile prosija moja kwa moja kwenye seva inayofanya kazi: siku ya mwisho ikiwa Jumapili au sikukuu, faini isianze hadi siku ya kazi inayofuata ipite. Nikajaribu, ikakubali, nikalala. Mashujaa ikapita vizuri. Mwezi Novemba mwenzangu akatumwa kubadilisha kiwango cha faini. Yeye ni kijana wa utaratibu, akafanya sawasawa alivyofundishwa: akachukua faili ya prosija kutoka kwenye Git, akabadilisha mstari mmoja, akaiweka kwenye seva. CREATE OR REPLACE haikuulizi swali. Inaweka mpya juu ya ya zamani, na ile ya zamani haiko tena popote. Tarehe 12 Desemba, Siku ya Jamhuri, walimu wakatozwa faini tena.

Nilimpigia simu nikiwa na hasira na kabla hajasema neno nikakumbuka kwamba mabadiliko ya Juni sikuyaweka kwenye Git. Nilikuwa na nia ya kuyaweka. Ikabidi niombe radhi kwa mtu niliyepiga simu kumfokea, na ndiyo sababu hadi leo nikimwona anafungua pgAdmin huwa nasalimu kwa heshima sana.

Kwa hiyo nimekuwa mtu wa ghala, kisha nikawa mtu wa prosija, na sasa siko kambi yoyote. Nikiletewa kipande cha msimbo siku hizi siulizi kwanza kama kitakimbia haraka. Nauliza: data hii ina milango mingapi, na je, sheria hii inapaswa kuwa kweli hata kwa mtu anayeingia kwa mlango nisioujua?

Mfano mzuri ni malipo ya M-Pesa. Mwanachama akilipa, ujumbe unafika kwenye seva yako na namba ya risiti ya herufi na tarakimu 10. Mtandao ni mtandao. Ujumbe uleule unaweza kukufikia mara mbili, au karani akaingiza kwa mkono malipo ambayo tayari yameingia. Nimeona wanaprogramu wakiandika kwenye PHP: angalia kama risiti ipo, kama haipo ingiza. Kati ya kuangalia na kuingiza kuna mwanya. Jumbe mbili zikifika pamoja zote zinaangalia, zote zinakuta haipo, zote zinaingiza, na mwanachama anapata pesa ya bure. Dawa yake haihitaji hata prosija. Ni mstari mmoja:

ALTER TABLE malipo ADD CONSTRAINT risiti_moja UNIQUE (namba_ya_risiti);

Sharti kama hili linawalinda wote: tovuti, USSD, kaunta, na yule mwanafunzi wa mazoezi aliyepewa ufunguo wa seva Ijumaa jioni. Watu wanapigana kuhusu prosija na kusahau kwamba sharti la jedwali ndiyo njia ya zamani zaidi na rahisi zaidi ya kuandika sheria mara moja tu. Salio la akiba lisishuke chini ya sifuri? CHECK. Mkopo usiwe na mwenyewe asiyekuwepo? Ufunguo wa kigeni. Hayo ni msimbo unaotumika tena, ila hayafanani na msimbo ndiyo maana hatuyahesabu.

Kitu cha pili kinachodharauliwa ni viu. Viu ni swali la SQL ulilolipa jina, likawa linasomeka kama jedwali. Pale sacconi nilikuta swali la "salio la mwanachama leo" limeandikwa mahali kumi na moja. Kumi na moja! Na mawili kati yao yalisahau kutoa mikopo iliyofutwa. Leo ni viu moja. Tovuti inasoma hapo, USSD inasoma hapo, na zile maktaba za Django na Eloquent zinaisoma kama jedwali lolote bila kunung'unika. Kama wewe ni mtu wa ghala na prosija zinakutisha, anzia kwenye viu. Hutajuta.

Hesabu ya pesa yenyewe, riba na faini, nimeiacha ndani kama fanksheni, kwa kuwa ina milango minne na majibu yake lazima yafanane hadi shilingi. Pia muamala wowote ambao ni lazima ukamilike wote au usifanyike kabisa, kama kuhamisha kutoka akiba kwenda mkopo, nauweka ndani. Lakini maneno ya SMS nimeyatoa. Tarehe kwa Kiswahili, nje. HTML, nje na laana juu. Kuzungumza na huduma nyingine za mtandao, nje kabisa. Prosija inayongoja jibu la mtandao huku imefunga mistari ya jedwali ni foleni ya magari pale Githurai. Na triga natumia kwa jambo moja tu, kuandika nani alibadilisha nini na lini. Triga inayokokotoa pesa ni jini: inafanya kazi ukiwa humuoni, na siku ikikosea utatafuta kila mahali isipokuwa pale ilipo.

Kwenye suala la Git sina mjadala tena. Kila prosija na kila viu ni faili, na hakuna faili inayoingia kwenye seva kwa mkono. Natumia Flyway. Ina aina ya faili zinazoanza na R__ ambazo huendeshwa upya kila zinapobadilika, na hizo zinafaa mno kwa viu na fanksheni. Pia usiku kuna skripti ndogo inayochukua maandishi ya kila fanksheni kwa pg_get_functiondef na kuyalinganisha na nakala ya mara ya mwisho tuliyoweka. Yakitofautiana mimi na mwenzangu tunapata barua pepe. Imeshanikamata mara moja. Majaribio tunaandika kwa pgTAP, na jaribio la kwanza kabisa ni mkopo wa 100,000 kwa miezi 12.

Sasa, watu wa ghala wana hoja ambazo siwezi kuzipuuza. Moja ni kwamba ukihama kutoka Oracle kwenda PostgreSQL prosija zako hazihami nawe hivi hivi. PL/SQL na PL/pgSQL zinafanana kama ndugu, lakini pakiji za Oracle hazipo upande wa pili na utaandika upya mengi. Ni kweli. Lakini nikiangalia ile sacco, VB.NET imeshakufa, PHP ya 2014 imeandikwa upya, USSD imebadilishwa, na PostgreSQL ni ileile, matoleo tu ndiyo yamepanda. Kilichohama kwangu kila mara ni programu. Anayeuza mfumo mmoja kwa wateja kumi wenye hifadhidata aina tatu ana maisha tofauti na yangu, na yeye namshauri akae nje.

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Seva za programu unaweza kuongeza, moja, mbili, tano. Seva ya hifadhidata inayopokea maandishi mara nyingi ni moja, na kila hesabu unayoipeleka humo inakula nguvu yake. Kama unajenga kitu cha mamilioni ya watu, sikiliza hilo. Sacco ya walimu haiko huko. Na ukweli ni kwamba seva nyingi nilizoona zikilemewa hapa kwetu hazikulemewa na prosija, zililemewa na jedwali lisilo na faharasa.

Kuna hoja moja ya watu wa prosija ambayo naikataa: kwamba prosija zinakukinga na wezi wanaopenyeza SQL kwenye fomu. Hazikukingi zenyewe. Ukiwa ndani ya prosija unaunganisha maandishi ya mtumiaji na SQL kisha unaita EXECUTE, umehamisha tundu kutoka sebuleni hadi chumbani. Tumia vigezo, USING ipo kwa kazi hiyo.

Kimebaki kitu kimoja pale sacconi, nacho ni ile Excel. Mhasibu ameifuga tangu kabla sijafika na bado ina hesabu yake ya riba ndani. Wiki iliyopita nilimbembeleza: "Mama, formula zako sitazigusa, nitakuwekea tu shiti moja inayosoma viu kutoka kwenye hifadhidata, uzilinganishe mwenyewe." Akanitazama kwa muda, kisha akaniuliza viu ni nini. Nikamwonyesha mkopo wa yule mwalimu. Amekubali tujaribu mwisho wa mwezi, kwenye nakala, si kwenye faili yenyewe.